Kimbelembele

Asije mtu kuniambia hasira hasara. Nimeshaambiwa. Wa kwanza kuniambia alikuwa fundi wa nyuzi, asubuhi ya mechi, raketi zangu tatu zikiwa mezani kwake na zote zimeharibiwa.

"Zimeharibiwa" ni neno langu. Yeye alisema zimefungwa upya. Chumba chake kilikuwa chini ya jukwaa la watazamaji, kimejaa mashine za kuvutia nyuzi na harufu ya plastiki mpya. Nilichukua raketi ya kwanza nikabonyeza nyuzi kwa kiganja, kama ninavyofanya kabla ya kila mechi. Zilikuwa ngumu kama chaga za kitanda. Nikachukua ya pili, nikachukua ya tatu, hali ni ile ile.

"Hizi si zangu," nikasema.

"Zako, dada. Si hii hapa alama yako kwenye mpini?"

"Mpini wangu, sawa. Nyuzi za nani? Mimi nafunga utumbo."

Asiyeujua mchezo huu wa tenisi anisikilize kidogo. Kuna nyuzi za plastiki, ngumu, zinazouzungusha mpira kwa ukali. Wachezaji wanaokaa nyuma kabisa ya uwanja wanazipenda, kwa sababu unaupiga mpira kwa nguvu zako zote na bado unashukia ndani ya mstari. Kuna pia nyuzi za utumbo wa ng'ombe, laini, zinazoushika mpira kidogo kabla ya kuuachia. Hizo ndizo zangu, kwa maana mimi nacheza wavuni. Napiga sevu, ule mpira wa kuanzishia, naikimbilia sevu yangu mwenyewe mbele, na mpira ukirudi naupiga hewani kabla haujadunda. Hiyo ndiyo voli, na voli inataka mkono uhisi. Kunifungia plastiki ni kumvisha mshonaji glavu za kuchomelea vyuma kisha ukamwambia atunge uzi kwenye sindano.

"Ni agizo," fundi akasema.

"La nani?"

"La yule mama."

"Mama yupi?"

Alijikuna kisogo. "Shangazi yako. Alizileta jana jioni. Akasema mmeshaongea."

Hatukuwa tumeongea. Nilimwambia fundi azifungue zote anifungie utumbo, naye akaninyooshea kidole ukutani, zilikoning'inia raketi za wenzangu zikisubiri zamu. Mechi yangu ilikuwa ya kwanza asubuhi ile. Hata angeacha kupumua asingewahi.

"Na punguza hasira, dada," akasema. "Hasira hasara."

"Hasara nimeshapewa," nikamjibu. "Hasira ni yangu mwenyewe, naondoka nayo."

Nikazitia raketi begini nikatoka.

Wenzangu wananiita Kimbelembele. Mwanzoni walikuwa wananicheka, siku hizi ni mazoea tu, hata watangazaji wameliokota. Siwalaumu sana. Karibu kila mchezaji wa kulipwa sasa anakaa nyuma. Viwanja vinapakwa rangi yenye mchanga mwingi, mpira ukidunda unakwama halafu unapanda kwa uvivu, na adui yako anapata muda wa kuchagua atakupitisha mpira kushoto au kulia. Zamani sevu kali ilikuwa nusu ya kazi. Siku hizi unapiga sevu kali, unakimbia, unafika wavuni, na mwenzako amekusubiri na tabasamu. Sisi tunaobaki kwenda mbele tunatazamwa kama watu wanaoandika barua kwa mkono.

Mimi niliupata mchezo huu kwa Shangazi. Yeye ndiye aliyenilea. Alikuwa amecheza ujanani mwake, akasafiri, akashindwa, akarudi, akapata kazi ya kufua mashuka kwenye hoteli. Nyuma ya chumba cha kufulia palikuwa na uwanja wa tenisi wa saruji, umepasuka huku na huku kama chungu kilichowekwa motoni bila maji. Wageni walipokuwa wanakula chakula cha mchana, uwanja ulikuwa wetu.

"Sakafu hii ni mwongo," aliniambia siku ya kwanza. "Mpira ukigusa ufa, hujui unaelekea wapi. Usiusubiri udunde. Ufuate uuchukue hewani."

Ndivyo nilivyofunzwa: sevu, mbio, kutua. Kutua ndiko kila kitu. Wewe unakimbilia wavuni, na pale tu yule wa upande wa pili anapovuta mkono apige, unaruka kidogo na kutua kwa miguu yote miwili, magoti yamelegea, ili uweze kuondoka upande wowote. Usipotua, mwili wako unaendelea mbele tu, na mpira unakupita ubavuni ukiutazama kama mtu aliyeachwa na basi. Shangazi alikuwa akisimama kando na beseni la mashuka kiunoni, macho yake hayabanduki kwa mhudumu yeyote wa hoteli aliyekubali kunirudishia mpira, na kila ulipofika wakati wenyewe alipiga ukelele: "Tua!" Nimeusikia ukelele huo utoto wangu wote. Hadi leo gari likinipigia honi barabarani, miguu yangu inatua yenyewe.

Huyo ndiye aliyepeleka raketi zangu kwa fundi bila kuniuliza.

Nilimkuta kwenye chumba cha chakula cha wachezaji, amekaa meza moja na Bwana Asilimia. Bwana Asilimia ni kocha mkuu wa chama chetu. Jina hilo tulimpa sisi, kwa sababu hawezi kumaliza sentensi bila kufungua kishikwambi chake na kukutajia asilimia. Ndiye aliyeniambia, mwanzo wa msimu, kwamba mchujo huu ndio wa mwisho kwangu. Nikishinda mechi ya leo, naingia kwenye mashindano makubwa yenyewe na chama kinaendelea kunishika mkono. Nikishindwa, nafasi yangu inakwenda kwa binti mwingine, mdogo, anayekaa nyuma. "Shauri langu, na wewe ukae nyuma," alisema. Nilimwambia nimesikia. Kusikia si kukubali.

"Shangazi, umegusa raketi zangu?"

"Salamu kwanza," akasema.

"Shikamoo."

"Marahaba. Kaa unywe chai."

"Sikai. Umegusa raketi zangu?"

Aliweka kikombe chini taratibu. "Nimezipeleka kwa fundi, ndiyo. Yule Kupe unayecheza naye leo anawapitisha wote wanaomwendea wavuni. Nimemtazama wiki nzima. Ukikaa nyuma utamshangaza."

Kupe ni yule msichana wa upande wa pili. Anaitwa hivyo kwa sababu akishaukamata mpira hang'oki, anaurudisha, anaurudisha, mpaka wewe mwenyewe uchoke kuishi.

"Kwa takwimu za mwaka huu," Bwana Asilimia akaanza, "asilimia—"

"Samahani, naongea na ndugu yangu," nikamkata. Akafunga mdomo na kishikwambi. "Shangazi, mbona hukuniuliza?"

"Ungekataa."

"Si ndiyo maana ya kuuliza? Mtu anaulizwa ili akitaka akatae."

Watu wa meza za jirani walianza kututazama. Shangazi hajawahi kupenda kutazamwa akiwa na hasira, kwa hiyo alishusha sauti, na alichokisema kwa sauti ile ya chini ndicho kilichonichoma.

"Wewe unadhani nilikufundisha kwenda mbele kwa sababu ni mchezo mzuri? Nilikufundisha kwa sababu ya nyufa. Sikuwa na uwanja mwingine. Ningekuwa na sakafu nzima ningekuweka nyuma kama watoto wa watu. Hapa hakuna nyufa, mwanangu. Sakafu za huku hazidanganyi. Sasa unakimbilia nini?"

Nimezomewa na majukwaa. Nimeandikwa magazetini kwamba nachekesha. Hakuna lililowahi kuniuma namna ile. Miaka yote niliamini amenipa kitu alichokipenda. Kumbe alinipa kilichokuwapo, kama mtu anayekupa nguo iliyombana, halafu ukubwani anakuvua mbele ya watu.

"Mbona wewe ulicheza hivyo hivyo?" nikamuuliza. "Wewe ulikuwa na nyufa zipi?"

"Na mimi nimeishia wapi?" akasema. "Kwenye mashuka ya watu."

Kipaza sauti kikaniita uwanjani. Nilibeba begi langu mwenyewe. Siku zote hulibeba yeye mpaka mlangoni, ni desturi yetu, na aliponyoosha mkono nililivuta upande wa pili.

Gemu ya kwanza nilikwenda mbele hivyo hivyo, kwa ubishi. Sevu yangu ya kwanza ilikuwa nzuri, Kupe akaurudisha mpira mwepesi, juu ya wavu tu, mpira ambao ningeumaliza nikiwa nimefumba jicho moja. Niliugusa. Plastiki haikuushika. Ukaruka na kwenda kumgonga mwokota mipira. Wa pili ukafia wavuni. Mkono wangu haukusikia lolote, kama umelaliwa ukapata ganzi. Nikaelewa kwamba Shangazi hakubadilisha nyuzi tu. Alifunga njia ya mbele na kuniachia mlango mmoja, wa nyuma.

Basi nikakaa nyuma. Nikapiga mipira mirefu, ya kuzunguka, ya kuchosha, mmoja baada ya mwingine, kama watoto wa watu. Kupe alikuwa amejiandaa kucheza na Kimbelembele, akakuta mtu mwingine, akachanganyikiwa. Na hapa sasa ndipo pabaya: nilishinda seti ya kwanza. Jukwaa lilipiga makofi. Bwana Asilimia alikuwa anaitikia kwa kichwa polepole, kichwa cha mtu ambaye dunia imemkubalia. Shangazi alikaa pembeni yake, mikono mapajani, na sikuona kama anafurahi au la, kwa sababu sikutaka kumtazama. Nilikaa kwenye kiti changu nikanywa maji huku nimekasirika kuliko kama ningeshindwa. Kila pointi niliyoshinda ilikuwa yao.

Seti ya pili Kupe alinizoea. Kukaa nyuma ni kazi yake, kwangu ni kibarua cha siku moja. Aliung'ang'ania kila mpira, na mapaja yangu, ambayo yamezoea mbio fupi, yakaanza kuwaka moto. Nikaipoteza seti hiyo vibaya. Sitaisimulia.

Kabla ya seti ya tatu, ya kuamua, nilifungua begi kutafuta taulo kavu, na chini ya taulo nikashika mpini uliochakaa. Ilikuwa raketi yangu ya nne, ile kuukuu ya mazoezi, ambayo hata mimi nilisahau kuwa imo begini, rangi imebanduka na ngozi ya mpini imelegea. Shangazi hakuipeleka kwa fundi kwa sababu hakuihesabu kama raketi. Nikabonyeza nyuzi kwa kiganja. Utumbo, laini, umeanza kuchanika kwenye kingo, lakini utumbo. Nilicheka peke yangu, na mwamuzi akanitazama kwa mashaka.

Seti ya tatu nilikwenda mbele kila sevu. Kila sevu. Ya kwanza, ya pili, nzuri, mbovu, nilikuwa naifuata kama naidai. Kupe alinipitisha mara nyingi, msichana ana macho, lakini mimi nilimnyima muda, na mtu aliyezoea kupewa muda ukimnyima anaanza kuharakisha, na akiharakisha anakosea. Mkono wangu ulikuwa umerudi. Nilipiga voli moja fupi iliyodondoka nyuma ya wavu ikakaa pale pale, na jukwaa zima likaguna. Nilimtazama Shangazi kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Nilitaka aone. Alikuwa anatazama viatu vyake.

Hilo lilinipandisha mori zaidi. Nikasema moyoni, utatazama tu.

Tukafika gemu tano kwa nne, mimi mbele, sevu yangu. Nikafika pointi ya ushindi. Pointi moja, na mchujo umekwisha, na chama kinanyamaza, na Bwana Asilimia anakwenda kutafuta asilimia nyingine. Nilirusha mpira juu, nikaupiga kuelekea mstari wa kando, ukamvuta Kupe hadi pembeni karibu na ubao wa matangazo. Uwanja wote ulikuwa wazi. Nikakimbia. Nilikuwa nimefika katikati, Kupe anavuta mkono, niliposikia sauti kutoka jukwaani, ya mwanamke mtu mzima, kali, ile ile iliyokuwa ikiruka juu ya beseni la mashuka.

"Tua!"

Miguu yangu ilitaka. Nilihisi magoti yanalegea yenyewe, kama yanavyolegea barabarani. Na mimi, kwa akili zangu timamu, niliyakatalia. Nikasema si wewe wa kuniambia. Si leo. Nikapitiliza, mbio moja kwa moja, kifua mbele.

Mpira haukuwa hata mkali. Kupe alikuwa ameshajikwaa nusu, aliupiga kwa kuomba Mungu. Ningekuwa nimetua, hatua moja kushoto, nikaugusa, ningekuwa nimemaliza. Ulinipita ubavuni nikiutazama. Ukadunda ndani ya mstari.

Baada ya hapo hakuna la kueleza. Alichukua pointi mbili zilizofuata, kisha gemu, kisha gemu nyingine mbili. Tulipeana mikono wavuni. Kupe aliniambia, "Dada, ulikuwa umenimaliza." Nilimwambia ninajua.

Shangazi alishuka jukwaani akanifuata. Kwenye korido ya kuelekea vyumba vya kubadilishia nguo, Bwana Asilimia alikuwa anatusubiri, kishikwambi wazi. Hakuwa na furaha, nimtendee haki, alikuwa na uso wa msiba.

"Nasikitika," akasema. "Lakini umeona mwenyewe. Ulipokaa nyuma ulishinda seti. Ulipokwenda mbele, asilimia—"

"Hebu tupishe," Shangazi akasema.

"Mama, mimi naeleza tu—"

"Unaeleza usichokiona. Hajashindwa kwa kwenda mbele. Nenda kaandike hilo kwenye chombo chako, halafu mpe nafasi huyo mtoto mwingine, tumesikia."

Akaondoka. Tukabaki wawili, na taa ya korido inayovuma, na begi langu chini kati yetu. Shangazi akauliza, hata hakuinua sauti.

"Ulinisikia nilipokuita?"

"Nilikusikia."

"Mbona hukutua?"

"Kwa sababu ni wewe uliyesema."

Alitikisa kichwa kama mtu aliyepewa jibu alilolijua. Nilikuwa na hasira naye, na hasira na miguu yangu iliyotaka kumtii, na hasira zaidi na mimi niliyeikataza, na zote zilitaka kutoka kwa mlango mmoja.

"Na wewe mbona uliita?" nikasema. "Si ulitaka nikae nyuma? Umeniharibia raketi, umeniambia mchezo wangu ni nyufa, umekaa na yule bwana mnakunywa chai. Halafu unaniitia nini?"

"Mdomo ulinitangulia."

"Usinifanyie mzaha."

"Sikufanyii. Mdomo ulinitangulia."

Hapo ndipo nilipokumbuka ukuta. Sijui kwa nini sikuukumbuka asubuhi, pengine hasira ilikuwa mbichi mno. Chumba cha kufulia cha ile hoteli kilikuwa na ukuta mrefu upande wa uwanja, umepakwa chokaa, na mbele yake sakafu ya kuanikia mashuka, laini, haina ufa hata mmoja. Watoto wa wapishi walikuwa wanapigia mpira pale mchana kutwa, wamesimama mbali na ukuta, unadunda, unarudi, unadunda. Mimi nilikatazwa kwenda kucheza nao.

"Ukuta ulikuwapo," nikamwambia. "Na sakafu nzima ilikuwapo. Ungeweza kuniweka pale nikajifunza kukaa nyuma mpaka nizeeke. Hukunipeleka hata siku moja. Sasa nyufa ndizo zilikukataza?"

Alishika ukuta wa korido kwa kiganja, akaubonyeza kidogo, namna ninavyobonyeza nyuzi, na nikaona kwamba hata hilo nililichukua kwake. Macho yake yalikuwa yamejaa, lakini Shangazi halii mbele ya watu, na siku ile hata mimi nilikuwa watu.

"Ukutani sikupenda," akasema mwishoni. "Mtu anasimama tu anasubiri kurudishiwa. Sikupenda uwe hivyo."

"Basi ungesema hivyo asubuhi."

"Asubuhi niliogopa."

Nilitaka niendelee kumkaripia. Nilikuwa na maneno ya kutosha kufika nyumbani nayo na mengine ya kubakiza. Nikainama kuchukua begi, na raketi zile tatu za plastiki zikagongana ndani, na ile moja kuukuu juu yake, nyuzi mbili zimeshakatika. Shangazi akanyoosha mkono kwenye mkanda, kama kila siku. Safari hii hakuushika. Aliuacha mkono hewani, akasubiri.

Sikumsamehe. Mpaka leo tukizungumza habari ya nyuzi tunagombana, na majirani wanajua. Lakini begi lilikuwa zito na mapaja yangu yalikuwa yamekwisha, kwa hiyo nilimwachia upande mmoja. Tukalibeba pamoja hadi nje, yeye kushoto mimi kulia. Kwenye ngazi ya mwisho, ambayo iko chini kuliko unavyotarajia, nilimsikia anasema polepole, "Tua," na nikatua.